Miaka 22 ya kufundisha nje ya kuta nne: swali lazima liwe na mwenyewe

Chaki na Vumbi (mwanzisha uzi)

Wakuu, salaam. Kwa muda mrefu nawaona humu walimu vijana wakiuliza namna ya kufundisha kwa kutumia mahali shule ilipo na watu wanaoizunguka, na jibu wanalopewa mara nyingi ni lile lile: "wapeleke wanafunzi nje." Nina miaka 22 kazini, 14 darasani na 8 nikiwanoa walimu wenzangu, na karibu muda wote huo nimekuwa kwenye jambo hili. Kuwatoa nje ndiyo sehemu rahisi kuliko zote. Naomba niwaeleze kilichonichukua miaka kukielewa. Uzi ni mrefu, nitaushusha kwa vipande.

Nianze na siku niliyoharibu. Mwaka wa pili kazini niliwapeleka wanafunzi arobaini kwenye kijito kilicho nyuma ya shule. Andalio la somo lilikuwa safi, mkuu wa shule ameridhia, wazazi wamejulishwa. Tulipofika nikawaambia, "angalieni mazingira, andikeni mnachokiona." Wakaandika: maji, mawe, miti, ndege. Dakika kumi na tano hazikuisha, kila mtu amefunga daftari na wengine wameanza kurushiana maji. Kesho yake nilipouliza tumejifunza nini, binti mmoja wa dawati la mbele akasimama, akajibu kwa adabu kabisa: "Tumejifunza kwamba kuna kijito, mwalimu." Kijito hicho alikuwa anakivuka kila asubuhi akija shule.

Jibu lile lilinikaa moyoni kwa sababu lilikuwa la kweli. Niliwapeleka watoto mahali bila swali.

Mwaka uliofuata nikarudi kwenye kijito kile kile, safari hii kwa sababu ya mtu. Bwana mmoja mwenye kitalu cha miche alikuwa amechepusha maji kwa mfereji wa udongo hadi kitaluni kwake. Kila kiangazi maji yalimfikia kidogo, naye hakujua kama kijito ndicho kinachopungua au mfereji ndio unaovuja. Kama ni kijito, hana la kufanya. Kama ni mfereji, anaweza kuuziba. Aliniuliza njiani tu, kama mtu anavyomlalamikia jirani. Nikamwomba aje darasani awaulize watoto mwenyewe. Akaja.

Tulichofanya ni hiki. Unapima mita kumi za mfereji ulionyooka. Unapima upana, kisha kina sehemu kadhaa ili upate wastani. Mtoto mmoja anaachia kijiti juu ya maji, mwingine ameshika saa, wa tatu yuko mwisho wa mita kumi anapiga kelele "sasa!" Mnarudia mara tano, mnachukua wastani. Mita kumi mkizigawanya kwa sekunde hizo mnapata mwendo wa maji ya juu. Mwendo huo mnauzidisha kwa 0.85, kwa kuwa maji ya juu hukimbia kuliko yale yanayosuguana na udongo wa chini. Kisha mnazidisha kwa eneo la maji yaliyokatwa, yaani upana mara kina. Mnafanya hivyo pale mfereji unapoanzia na pale unapoishia, halafu mnatoa jibu la mwisho kwenye la mwanzo.

Mara ya kwanza jibu lilionyesha maji mengi mwishoni kuliko mwanzoni. Watoto wakabishana njia nzima. Kundi moja likagundua kwamba lilipima kina katikati tu, mahali palipo na shimo. Siku iliyofuata walitaka kurudi, na mimi sikuwa nimesema neno. Safari hii mwanzoni wakapata kama lita 17 kwa sekunde, mwishoni lita 10. Lita saba zinapotea kila sekunde, lita 420 kwa dakika. Wakaufuata mfereji hatua kwa hatua hadi chini ya kivuko cha miti, wakakuta ardhi imelowa upande mmoja na mizizi imetoboa ukuta wa udongo. Yule bwana akaziba kwa udongo wa mfinyanzi.

Hapo ndipo nilipoelewa. Swali linalofundisha lina mwenyewe. Kuna mtu nje ya darasa, mnamjua kwa sura, ambaye jibu likipatikana atalitumia na likikosewa ataumia. Akiwepo mtu huyo, watoto hupima mara mbili bila kuambiwa.

Nakuja na kipande cha pili.

---

Binti Ualimu

Asante sana mwalimu. Niko mwaka wa kwanza kazini na hiyo habari ya "tumejifunza kwamba kuna kijito" imenigusa, wiki iliyopita nimefanya kitu hicho hicho na bustani ya shule. Sasa hao wenye maswali unawapataje? Mimi hapa nilipopangiwa sijui mtu.

---

Chaki na Vumbi

Binti Ualimu, umeuliza jambo ambalo ndilo kipande changu cha pili.

Nimehamishwa vituo mara tatu. Kila ninapofika kituo kipya, muhula wa kwanza sipeleki mwanafunzi popote. Natembea mwenyewe. Jioni baada ya vipindi napita njia wanazopita watoto, nasalimia, nakaa, nasikiliza. Nina daftari dogo, kila ukurasa nimeugawa mara mbili. Kushoto naandika nani anajua nini: huyu anajua kusoma mawingu, yule anatengeneza redio, mzee wa nyumba ya kona alikuwa dereva wa treni. Kulia naandika nani anasumbuliwa na nini. Baada ya miezi mitatu upande wa kulia unakuwa umejaa maswali ambayo wewe peke yako usingeyabuni hata ukikesha.

Kutembea huku kuna wazee wake katika kazi yetu. Célestin Freinet, mwalimu wa kijijini Ufaransa, alijeruhiwa pafu kwenye Vita ya Kwanza ya Dunia. Alipoanza kufundisha mwaka 1920 hakuweza kusema kwa sauti muda mrefu, na darasani kazi ilikuwa inamshinda. Akaanza kutoka na watoto, wanawaangalia mafundi na wakulima kazini, wakirudi wanaandika walichokiona. Baadaye akawanunulia mashine ndogo ya kuchapa, maandishi yao yakawa yanasomwa na wazazi na watoto wa shule nyingine ya mbali. Ninapomfikiria Freinet nashika hilo la mwisho zaidi. Watoto wake walikuwa na msomaji halisi, kwa hiyo kosa la tahajia lilikuwa na maana kwao.

Sasa niwape habari ya upande wa kushoto wa daftari, wa nani anajua nini.

Karibu na shule yangu ya pili palikuwa panajengwa nyumba. Nilikuwa nafundisha pembetatu mraba na kanuni ya Pythagoras, na darasa lilikuwa limelala. Nikaomba ruhusa kwa fundi, tukaenda siku anayopiga vigingi vya msingi. Fundi alisimamisha kigingi kwenye kona. Akapima mita tatu kwenye kamba moja, akatia alama. Mita nne kwenye kamba ya pili, akatia alama. Kisha akanyoosha futi kutoka alama hadi alama. Ikasoma mita 4 na sentimita 92. Akasogeza kigingi cha mbali kidogo, akapima tena. 4.97. Akasogeza tena kwa kukigonga na nyundo. Tano kamili. Mwanafunzi mmoja akauliza, "Kwa nini lazima tano, fundi?" Akajibu: "Ikiwa tano, kona hainidanganyi."

Hapo kijana mmoja wa dawati la nyuma, ambaye kwa mihula miwili sikuwahi kumsikia akinyoosha mkono, akasema kwa sauti ya chini: "Jengo likiwa kubwa tunatumia sita, nane, kumi. Kosa dogo linaonekana mapema." Alikuwa anamsaidia mjomba wake kazi za ujenzi kila likizo. Nilimwomba asimame aeleze. Akaeleza vizuri kuliko kitabu, na fundi akawa anatikisa kichwa kukubali.

Mihula miwili nilikuwa naye, wakuu, na ripoti yake nimeandika mimi kwa mkono wangu: "aongeze bidii katika hisabati."

Mwaka 1992 mtafiti wa elimu Luis Moll na wenzake, huko Tucson, Arizona, walichapisha kazi yao na walimu waliokwenda kwenye nyumba za wanafunzi wenye asili ya Meksiko. Walimu hawakwenda kuwashtaki watoto, walikwenda kujifunza. Wakakuta familia zilizodhaniwa hazina kitu zina hazina ya maarifa: kilimo, madini, ujenzi, ukarabati wa magari, biashara, tiba za nyumbani. Nilipoisoma kazi ile nilikuwa tayari nimeshakutana na yule kijana wa dawati la nyuma, na niliona aibu ya dhati kwa ile mihula miwili.

---

Mstaafu wa Ubao

Mwalimu, nakuheshimu, lakini sisi wa zamani haya tunayajua. Mwalimu Nyerere aliandika Elimu ya Kujitegemea mwezi Machi 1967. Shule iwe sehemu ya jamii, elimu ifanane na maisha ya watu. Kilichotokea sehemu nyingi ni watoto kushika majembe mchana kutwa. Una uhakika gani hii yako haitaishia hapo hapo?

---

Chaki na Vumbi

Shikamoo mzee wangu. Sina uhakika huo, na hofu yako ni yangu. Ukilisoma andiko lenyewe utakuta Nyerere alitaka shamba la shule liwe sehemu ya masomo, wanafunzi washiriki kuamua, na wayaone matokeo ya kazi yao wenyewe. Jembe lilibaki, kuamua kukaondolewa. Mtoto anayelima bila kuuliza kwa nini mstari huu umestawi na ule umedumaa anafanya kibarua tu.

Kipimo ninachotumia ni kimoja. Namsogelea mtoto katikati ya kazi, namuuliza: "Unatafuta kujua nini?" Akinijibu "mwalimu kasema tufanye", nasimamisha kazi siku ile ile. Nimewahi kusimamisha kazi ya wiki tatu kwa sababu hiyo, na walimu wenzangu walinilaumu. Ningeisimamisha tena.

---

Mzazi wa Watatu

Mimi ni mzazi. Mwanangu ana mtihani wa mwisho mwaka huu. Mwalimu wake anawatoa nje kila mara na mimi nina wasiwasi mtaala hautamalizika. Nieleze kwa uwazi, ndugu mwalimu, huko mferejini kuna mtihani?

---

Chaki na Vumbi

Ndugu mzazi, wasiwasi wako ni wa haki.

Kwanza, si kila mada inatoka nje. Ziko nyingi nafundisha kwa chaki, mbele ya ubao, watoto wananakili na kufanya mazoezi. Mwalimu anayekuambia kila somo litapatikana mtaani, muulize maswali mengi. Mimi huchagua kazi moja kubwa kwa muhula, basi.

Pili, kabla ya kutoka nafungua azimio la kazi, naweka alama mada ambazo kazi hiyo itazigusa. Ule mfereji ulibeba wastani, eneo, mwendokasi, kubadili vipimo na kuandika ripoti. Mada tano kwa wiki mbili. Ningezifundisha moja moja zingenichukua zaidi ya hapo. Tukirudi darasani, siku inayofuata wanafanya maswali ya mtihani ya mada hizo hizo, kwa sababu mtoto aliyekokotoa maji ya mfereji anaweza kukwama akikutana na swali la bomba na tangi lililoandikwa kwa lugha ya mtihani. Daraja hilo hawalivuki wenyewe, mwalimu analijenga. Nimewaona walimu wazuri wa kazi za nje wakilisahau, na watoto wao wakaumia.

Kwa hiyo muulize mwalimu wa mwanao maswali mawili: kazi hii inagusa mada zipi, na mkirudi mnafanya nini? Mwenye majibu atafurahi umeuliza.

---

Fizikia Mchana

Darasa langu lina wanafunzi tisini na tatu na shule iko katikati ya mji, ukuta kwa ukuta. Hakuna kijito, hakuna kitalu, na siwezi kuwavusha watoto tisini barabarani peke yangu.

---

Chaki na Vumbi

Usiwavushe. Hilo nalisema kwa uzito. Mtoto mmoja akigongwa hakuna somo litakalofidia.

Kwa wengi hivyo, badala ya darasa kutoka, swali ndilo linatoka. Kila mtoto anaondoka na swali moja kwenda nyumbani na analirudisha na jibu. Tisini na tatu wanakuwa nguvu: una vituo tisini na vitatu vya kupimia ambavyo mtafiti yeyote angevitamani. Mfano rahisi ni mvua. Chupa ya plastiki iliyonyooka, kata sehemu ya juu, igeuze iwe faneli, weka rula. Kumbuka chini ya chupa nyingi hapajanyooka, kwa hiyo jaza maji hadi yapite ile mikunjo na uanzie kupima hapo. Milimita moja ya mvua juu ya mita mraba moja ni lita moja ya maji. Paa lenye mita mraba 100 likinyeshewa milimita 20 linashusha lita 2,000. Sasa mpe swali hilo yule anayehangaika na maji hapo shuleni: mvua ya jana ingejaza tangi la ukubwa gani?

Vipimo kama hivi watoto wa nchi zaidi ya mia moja wanavikusanya kupitia mpango wa GLOBE, uliotangazwa Marekani mwaka 1994, wakivipeleka kwa wanasayansi. Mtoto wa mjini anaweza kupima mvua, mawingu na joto akiwa ndani ya uzio wa shule.

Na mahali si lazima pawe msitu. Mtaro unaoziba ni mahali. Kivuli cha ukuta saa saba mchana ni mahali. Pima joto la hewa kivulini na juu ya saruji kwa dakika ile ile, halafu uliza benchi la wazazi wanaosubiri liwekwe wapi.

---

Binti Ualimu

Nafundisha wadogo, miaka saba na minane. Nilianza kuwaeleza habari za mabadiliko ya tabianchi na misitu kuteketea, nikaona wananyamaza tu.

---

Chaki na Vumbi

Wape kwanza mdudu, jani, mchwa, kivuli chao wenyewe. David Sobel, mwalimu na mwandishi wa Marekani ambaye jina lake lina uzito mkubwa katika elimu ya mahali, ameonya kwa miaka mingi kwamba ukimbebesha mtoto mdogo misiba ya dunia kabla hajapata nafasi ya kuupenda ulimwengu ulio karibu naye, unamfanya aukimbie. Nakubaliana naye kwa nilichokiona. Mwenye miaka saba anaweza kufuatilia mti mmoja mwaka mzima. Kuokoa msitu ambao hajawahi kuukanyaga ni mzigo wa watu wazima.

---

Chaki na Vumbi

Wakuu, kipande hiki ni kizito kwangu.

Katika shule yangu ya tatu tulikusanya historia ya mafuriko. Darasa lilimwendea bibi mmoja aliyeishi bondeni tangu ujana wake. Alizungumza nao mchana mzima. Alitoka nje akaonyesha kwa fimbo kwenye mhimili wa mlango wake mahali maji yalipofika. Watoto waliandika kurasa na kurasa. Nikasahihisha, nikatoa alama, nikaweka madaftari kabatini. Mwisho wa mwaka kabati likasafishwa, yakachomwa pamoja na karatasi nyingine.

Miaka miwili baadaye nikarudi kwake na darasa jingine. Alitukaribisha, akatukalisha, kisha akaniuliza mbele ya watoto: "Wale wa kwanza nilisema nao mpaka jua likazama. Maneno yangu mliyapeleka wapi?"

Sikuwa na jibu. Nilimwambia ukweli. Akasema basi hana la kusema na sisi, tukaondoka.

Tangu siku ile sianzi kazi yoyote kabla ya kukubaliana mambo matatu na mtu tunayemwendea: nani atapokea matokeo, siku gani, na kwa sura gani. Tunaandika, na nakala inabaki kwake. Walimu ninaowanoa wananiona mkali kwenye hilo kuliko jambo lolote. Wafadhili pia nimewahi kuwarudisha, waliotaka picha za watoto na wazee bila kutaka kujua kilichogunduliwa.

---

Mstaafu wa Ubao

Hapo mwanangu umenena. Na yule bibi, mlipatana naye?

---

Chaki na Vumbi

Tulipatana mzee, lakini ilichukua karibu mwaka.

Mkuu wa shule alikuwa anataka kujenga stoo ya vitabu, na hakujua kama mahali alipochagua pako salama na maji. Mwenye swali akapatikana. Nikamwendea bibi peke yangu, bila watoto, nikamwomba radhi, nikamweleza nani anauliza na kwa nini. Akakaa kimya muda mrefu, kisha akasema tuje.

Alama ile ya mhimilini ilikuwa ingali kichwani mwake. Akaigusa tena kwa fimbo. Watoto wakaazima mpira wa maji kwa mafundi, ule mpira mwembamba unaoonyesha ndani ambao fundi huujaza maji ili kujua usawa wa pande mbili. Maji ya ncha moja na ya ncha nyingine hukaa sawa daima. Mtoto mmoja akashika ncha kwenye alama ya bibi, mwingine akashika ncha ya pili kwenye kigingi mbele. Wakahamisha usawa huo kigingi kwa kigingi, vigingi kumi na kimoja, mpaka ukuta wa shule. Kila hatua mtoto wa tatu alikuwa akiangalia kama kuna povu la hewa ndani ya mpira, maana povu likiwemo usawa unadanganya. Mara mbili walilikuta, wakarudia kuanzia kigingi cha nyuma.

Mstari ukaangukia ukutani juu ya goti la mtu mzima, ndani ya darasa letu. Stoo ikahamishiwa upande wa mlimani.

Tulimwendea bibi siku tuliyokubaliana, akaja shuleni akiwa ameshikwa mkono na wajukuu wawili. Watoto walikuwa wameupaka mstari rangi ya bluu. Akausogelea, akaweka kiganja juu yake, akasema, "Ndipo hapo." Akaomba kiti. Alipokaa akaanza kutusimulia mafuriko mengine, ya kabla ya yale, ambayo hakuna hata mmoja wetu aliyewahi kuyasikia, na binti aliyekuwa karibu naye akafungua daftari.